Lear akiwa na miaka 80: kisa cha Glenda Jackson kurudi jukwaani

Oktoba 25, 2016, kwenye ukumbi wa Old Vic jijini London, mwigizaji Mwingereza Glenda Jackson aliingia jukwaani kama Mfalme Lear wa tamthilia ya Shakespeare, mfalme mzee anayewagawia mabinti zake ufalme na kuishia wazimu. Alikuwa na miaka 80, na mfalme mwenyewe, kwa maneno yake ndani ya tamthilia, amefika themanini na kupita. Mara ya mwisho Jackson kuigiza mbele ya watazamaji ilikuwa 1991 kwenye ukumbi wa Citizens, Glasgow. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa mbunge wa Hampstead na Highgate kwa tiketi ya chama cha Labour, akakaa Bungeni miaka 23 bila filamu, bila televisheni, bila tamthilia.

Simulizi iliyoenea ni ya muujiza: bibi kizee katoka usingizini na kucheza nafasi ngumu kuliko zote. Simulizi tamu, lakini haimsaidii mtu anayetaka kuelewa kazi ya uigizaji. Haielezi nafasi ile ina nini ndani yake, mwili wa miaka 80 unaibebaje, na kwa nini mtu yuleyule alipoirudia New York mwaka 2019 mambo hayakwenda kama London.

Kwanza, nani huyu. Alizaliwa Mei 9, 1936, Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey ukitokea Liverpool. Baba yake alikuwa mwashi wa matofali. Aliacha shule akiwa na miaka 16, akauza dawa kwenye duka la Boots kwa miaka miwili, kisha akapata ufadhili wa kusoma uigizaji RADA, chuo cha tamthilia cha London. Kwa maelezo yake mwenyewe, mkuu wa chuo alimwambia asitarajie kazi nyingi kabla ya miaka 40, kwa kuwa hakuwa na sura ya binti mrembo wa kwenye tamthilia za wakati ule. Akahangaika na majumba madogo ya mikoani, na vipindi vya kukosa kazi kabisa, hadi Peter Brook alipomchukua Royal Shakespeare Company. Mwaka 1964 akacheza Charlotte Corday katika tamthilia ya Marat/Sade, mgonjwa wa akili anayecheza muuaji, akitumia nywele zake kama mjeledi. Tuzo ya Oscar ikaja mara mbili, kwa filamu za Women in Love na A Touch of Class. Hakwenda kuchukua hata moja. Alisimulia kwamba sanamu hizo alimpa mama yake, naye akazisugua kwa bidii hadi rangi ya dhahabu ikabanduka.

Kazi moja ya zamani inahusu kisa chetu moja kwa moja: Elizabeth R, mfululizo wa sehemu sita wa BBC wa mwaka 1971. Jackson alimcheza Malkia Elizabeth wa Kwanza tangu usichana hadi kifo chake akiwa na miaka 69. Alinyoa nywele za mbele ili paji la uso liwe refu kama kwenye michoro ya malkia. Akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, ilimpasa kutengeneza uzee: mgongo, shingo, macho yanayochelewa kugeuka, sauti ya mtawala anayesikia madaraka yakimponyoka. Kwa hiyo mtawala mzee asiyetaka kukubali kwamba ni mzee hakuwa mgeni kwake. Alikuwa amemsoma miaka 45 kabla.

Miaka 25 nje ya jukwaa

Watu husema alinyamaza. Bungeni hakuna anayenyamaza akitaka kubaki. Ukumbi wa Bunge la chini la Uingereza una urefu wa takriban mita 21 na upana wa mita 14, viti vya watu 427 hivi kwa wabunge 650, na pande mbili zinatazamana uso kwa uso. Maikrofoni zipo, zinaning'inia darini. Hazikusaidii dhidi ya watu mia mbili wanaoguna, wanaocheka na kupiga kelele ukiwa katikati ya sentensi. Jackson alizoea kutania kwamba ukumbi ule una taa mbaya, sauti mbovu, na waigizaji wasiofanya mazoezi.

Mfano bora ni Aprili 10, 2013. Bunge liliitwa kutoka likizo kumkumbuka Margaret Thatcher, waziri mkuu wa zamani, aliyekuwa amefariki siku mbili kabla. Wengi walisema ya msiba. Jackson alisimama na kushambulia urithi wa Thatcher kwa dakika kama saba huku upande wa pili ukimzomea, hadi mbunge mmoja wa Conservative akaomba mwongozo wa Spika, na Spika akasema hakuna kanuni iliyovunjwa. Weka siasa kando, itazame rekodi ile kama zoezi la sauti. Kelele zinapanda, naye anapita juu yake bila kumeza mwisho wa sentensi. Mwisho wa sentensi ndipo waigizaji wengi wanapoanguka: pumzi imeisha, neno la maana linazama. Hapo, miaka mitatu na nusu kabla ya Lear, kifaa, yaani sauti, kilikuwa kinafanya kazi.

Bunge lilimpa kitu kingine pia. Kama mbunge alitembelea nyumba za kutunzia wazee, na alieleza mara kadhaa kwamba aliona huko jinsi mpaka kati ya mwanamume na mwanamke unavyofifia kadiri mtu anavyozeeka. Hayo ndiyo yalikuwa majibu yake kwa waliouliza mwanamke atamchezaje mfalme. Sayansi ya sauti inamuunga mkono. Sauti ya mwanamke hushuka baada ya kukoma hedhi, na ya mwanamume hupanda kidogo uzeeni. Kwenye miaka 80 zinakuwa zimesogeleana sana. Jackson hakuhitaji kuigiza sauti ya kiume, na hakujaribu. Lear aliitwa mfalme, akaitwa baba, basi.

Hakuwa wa kwanza. Marianne Hoppe alimcheza Lear Ujerumani mwaka 1990, Kathryn Hunter Uingereza mwaka 1997. Aliyemtia hamu ni Núria Espert wa Hispania, rafiki yake, aliyemwongoza London mwaka 1986 katika The House of Bernarda Alba. Espert alimcheza Lear Barcelona mwaka 2015, na Jackson alikwenda kumtazama. Mwaka huohuo akastaafu ubunge. (Uchaguzi wake wa mwisho, wa 2010, aliushinda kwa kura 42. Mtu aliyepita kwenye tundu hilo la sindano haogopi sana wahakiki.) Kabla ya Lear alijipima kwenye redio, katika tamthilia za BBC zilizotokana na riwaya za Mfaransa Zola. Hatua ya busara: redio inadai sauti na akili, haidai miguu wala kukariri.

Nafasi yenyewe

Lear ana mistari karibu 750, zaidi ya moja kwa tano ya tamthilia nzima. Idadi hiyo peke yake haitishi, kwani Hamlet ana karibu mara mbili yake. Kinachoua ni mpangilio. Onyesho la kwanza kabisa linamtaka agawe ufalme, amlaani bintiye mdogo Cordelia, amfukuze mtumishi wake mwaminifu, yote katika robo saa, kabla watazamaji hawajatulia kwenye viti. Mwigizaji akitumia hasira yote hapo, na wengi huitumia, hana pa kupanda. Kwani baada ya hapo kuna laana ya utasa kwa Goneril, bintiye mkubwa. Halafu kuna onyesho refu ambamo mabinti wawili wanapunguza wapambe wake kama wapiga bei sokoni: kutoka 100 hadi 50, hadi 25, kumi, watano, na mwisho wanauliza hata mmoja wa nini. Halafu tufani, mfalme akiwa nje.

Hasira hizi nne si moja. Ya kwanza ni ya mtu asiyewahi kukataliwa. Ya pili imechanganyika na aibu. Ya tatu ni ya mtu anayejizuia kulia. Ya nne haina mtu wa kuelekezewa, ndiyo maana anaupigia kelele upepo. Jackson aliyatenganisha haya kwa uwazi kuliko waigizaji wengi, na nadhani siri ni kwamba alianza na ubaridi. Mfalme wake wa mwanzo alikuwa mkavu, mwenye dharau, anayefurahia mchezo wake mwenyewe. Ukianzia chini unabaki na ngazi za kupanda.

Tufani ina tatizo la kiufundi ambalo halihusiani na kipaji. Fundi wa sauti ana radi nzuri na anataka isikike. Mwigizaji anataka asikike. Wakishindana, anayeshindwa ni koo la mwigizaji, na kwa kuwa kesho kuna onyesho jingine, ushindi wowote wa usiku mmoja ni hasara. Kanuni ya kazi ni kupanga radi iingie kati ya vifungu, kwenye pumzi ya mwigizaji, kisha ishuke anapoanza kusema. Macho ya watazamaji yanajaza pengo. Deborah Warner, mwongozaji wa Old Vic, alikuwa ameshaiongoza tamthilia hii mwaka 1990 National Theatre akiwa na Brian Cox, na mwaka 1995 alimwongoza Fiona Shaw kama Mfalme Richard wa Pili. Hakuwa mgeni kwa Lear, wala kwa mwanamke kwenye kiti cha mfalme. Jukwaa lake lilikuwa karibu tupu, mavazi ya siku hizi, viti vya kawaida. Upweke huo wa jukwaa ulimfaa Jackson: hakuna ngazi za kupanda, hakuna majoho ya kilo kadhaa, na jicho halina pa kwenda ila kwake.

Baada ya tufani tamthilia inampa Lear zawadi. Mwishoni mwa sehemu ya tatu analazwa na kuondolewa, na harudi hadi katikati ya sehemu ya nne. Wakati huo Gloucester, mkuu mwaminifu kwa mfalme, anang'olewa macho, mabinti wanagombea mwanamume, majeshi yanasogea. Hapo mwigizaji mzee anapata muda wa kukaa, kunywa maji ya uvuguvugu, kubadili nguo, kunyoosha mgongo. Tatizo ni kwamba mwili ukitulia hupoa, na onyesho linalomngoja ni gumu kuliko yote kwa kumbukumbu. Asiyejua akilala usingizi mzito hapo, anarudi akiwa na sauti ya mtu aliyetoka kitandani.

Ugumu wa onyesho la wazimu ni huu. Kukariri hufuata hoja: sentensi hii inazaa ile. Katika hasira za mwanzo hoja ipo, hata kama ni ya mtu mkaidi. Katika wazimu Lear anaruka kutoka kwa askari wapya hadi panya, kutoka panya hadi kipande cha jibini iliyochomwa, kutoka hapo hadi mishale, uzinzi, mahakimu wala rushwa, viatu vya farasi vilivyofungwa vitambaa. Hakuna kamba ya kushika. Mwigizaji wa miaka 30 anaweza kuyameza kwa kurudiarudia. Wa miaka 80 inampasa atengeneze kamba yake mwenyewe: aone picha kwa mpangilio, panya yuko pale sakafuni, askari yuko kushoto, hakimu kiti kile. Kila picha iwe na mahali pake jukwaani, mwili ukigeukia mahali hapo neno linakuja lenyewe. Ndiyo maana anayejua kazi hii hasubiri siku ya kwanza ya mazoezi ndipo aanze kukariri; anaanza miezi kabla, kidogo kidogo kila siku, kwa sauti na akitembea.

Kuna pia suala la matini. Tamthilia ina sura mbili za zamani, yaani matoleo yaliyochapishwa, ya 1608 na ya 1623. Ya pili haina mistari kama 300 iliyomo katika ya kwanza, na ina kama 100 ambayo ya kwanza haina. Kesi ya kubuni ambamo Lear anawashtaki mabinti zake mbele ya viti vitupu imo katika ya 1608 tu. Kila mwongozaji huchanganya na kukata, na kwa mwigizaji mzee hiyo ni hesabu ya pumzi kama ilivyo ya fasihi.

Msomaji wa mashairi ya Kiswahili atafaidi kitu hapa. Mstari wa Lear una mizani kumi, dhaifu na nzito zikipokezana mara tano, bila vina. Kwa wenye arudhi yetu lingeitwa guni. Lakini mapigo yanafanya kazi ileile inayofanywa na vina kwa mghani wetu: yanamshika mkono msemaji asipotee. Kisha mwishoni, Lear akiwa na maiti ya Cordelia, sura ya 1623 inampa mstari mmoja wenye neno moja lililorudiwa mara tano, never, yaani kamwe. Sura ya 1608 inalo mara tatu tu. Neno hilo lina uzito mwanzoni, hivyo mapigo yote ya mstari yamepinduka, nzito imekuja kabla ya dhaifu. Kwa bahati njema kamwe letu nalo ni hivyohivyo. Litamke mara tano bila kuharakisha, utaona mstari unavyojikokota. Kosa la kawaida ni kupandisha sauti kila mara hadi la tano liwe ukelele. Mtu aliyemaliza kulia hafanyi hivyo.

Na maiti yenyewe? Maelekezo ya 1608 na 1623 yanasema Lear anaingia akimbeba bintiye mikononi. Katika utani wa zamani wa waigizaji, ushauri wa kwanza kwa mcheza Lear ni kuchagua Cordelia mwepesi. Wanaume wa miaka 60 wameumia migongo kwenye onyesho hili. Njia zinazotumika ni tatu nne: kumfunga Cordelia mkanda uliofichwa na kumwinua kwa kamba kutoka juu, askari kumbeba hadi kwenye mlango na kumkabidhi hatua mbili za mwisho, kumburuta juu ya kitambaa, au kumweka jukwaani gizani. Kwa mtu mwembamba wa miaka 80 kubeba kwa ushujaa si jambo la kujadiliwa, na hakuna kinachopotea. Mzee asiyeweza kumnyanyua mwanawe ni picha nzito kuliko mzee mwenye misuli.

Onyesho la Old Vic lilidumu hadi Desemba 3, wiki sita hivi. Jackson akapata tuzo ya Evening Standard ya mwigizaji bora wa kike. Usisahau ufupi huo wa muda. Ndio ulinzi ambao haukuandikwa kwenye tangazo lolote.

New York, mtu yuleyule

Mwaka 2018 alikwenda Broadway, kwenye majumba makubwa ya tamthilia ya New York, kucheza Three Tall Women ya Edward Albee pamoja na Laurie Metcalf na Alison Pill, mwongozaji Joe Mantello. Mhusika wake ana miaka zaidi ya 90, amekaa kwenye kiti au kitandani muda mwingi, anasema sana. Akapata Tony, tuzo ya tamthilia za Broadway, akiwa na miaka 82. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa nafasi iliyomfaa kuliko zote za uzeeni: ulimi wote, miguu kidogo.

Kisha Lear tena, Februari 28, 2019, ukumbi wa Cort, mwongozaji mwingine, Sam Gold. Hapa kila kitu kilikuwa kingi. Kuta za dhahabu, muziki mpya wa Philip Glass, wapiga nyuzi wanne jukwaani kati ya waigizaji. Ruth Wilson alicheza Cordelia na pia mchekeshaji wa mfalme, Jayne Houdyshell alicheza Gloucester, Pedro Pascal Edmund, mwana haramu wa Gloucester, na Duke wa Cornwall, mkwe wa Lear, alichezwa na mwigizaji kiziwi, Russell Harvard, kwa lugha ya alama. Urefu, saa tatu na nusu hivi. Maonyesho manane kwa wiki, kama ada ya Broadway.

Kila wazo kati ya hayo linaweza kutetewa peke yake. Yakiwekwa pamoja, Lear anageuka kuwa mmoja wa wageni kwenye karamu yake. Mwigizaji anayetawala kwa ukavu na neno lililokatwa sawasawa anahitaji kimya kumzunguka. Muziki ukiwa chini ya maneno yake inabidi ama asukume sauti au akubali nusu ya makali yapotee. London tufani ilimpa nafasi. New York alikuwa na majirani wengi. Maonyesho manane kwa wiki nayo maana yake ni siku mbili kila wiki za kulaani, kuchizika na kufa mara mbili kati ya mchana na usiku, akiwa amefikisha miaka 83 Mei hiyo.

Wahakiki walimsifu yeye, wakagawanyika kuhusu onyesho. Uteuzi wa Tony ulipotoka, tamthilia ilipata mmoja tu, wa Ruth Wilson. Tiketi zilikuwa zimepangwa kuuzwa hadi Julai 7; pazia likafungwa Juni 9.

Miezi michache baadaye akaonekana BBC katika Elizabeth Is Missing, filamu ya televisheni kuhusu mwanamke anayepoteza kumbukumbu, kazi yake ya kwanza mbele ya kamera tangu aingie Bungeni, nayo ikampa tuzo ya BAFTA ya mwaka 2020. Tazama pale anaposimama katikati ya chumba akitafuta neno lililomtoroka: jicho linakwenda kwenye kona moja, halikuti kitu, linahamia nyingine. Ni panya wa Lear kinyumenyume, mahali papo lakini picha imeondoka. Alifariki Juni 15, 2023, Blackheath, London, akiwa na miaka 87, baada ya kumaliza kuigiza The Great Escaper na Michael Caine. Filamu ilitoka Oktoba mwaka huo.